Aliyepokea Ndiye Aandike

Majuma machache baada ya kumzika baba, alikuja nyumbani mzee mmoja aliyekuwa rafiki yake wa miaka mingi. Aliketi, akatoa pole kwa maneno yaliyotugusa sote, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba marehemu alikuwa amebakiza deni kwake. Mama hakubishana naye. Aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na kasha la bati ambamo baba alitunza karatasi zake, akatoa ukurasa mmoja uliochanwa kutoka kwenye daftari la mistari, uliokunjwa mara nne hata pembe za mikunjo zikawa zimeanza kutoboka. Uliandikwa kwa wino wa buluu: "Nimepokea fedha kutoka kwa ndugu yangu kama tulivyopatana." Chini yake ilikuwapo saini. Mzee aliushika ukurasa ule kwa mikono miwili, akautazama kwa muda, akakiri pale pale kwamba saini ni yake na mwandiko ni wake, kisha akasema: "Lakini hii ni ya deni la kwanza, shemeji. Ninalolisema mimi ni la pili."

Karatasi haikuwa na tarehe. Haikutaja kiasi, wala haikueleza fedha zile zilikuwa za nini. Kwa hiyo tulikuwa na saini halali, mwandiko usiopingwa na mtu aliyekiri mbele yetu kwamba aliandika, na bado hatukuwa na jibu. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeweza kusema kwamba mzee yule alikuwa mwongo, kwa kuwa hatukuwahi kumjua kwa uongo, na hakuna aliyeweza kusema kwamba baba alikufa akidaiwa, kwa kuwa baba aliutunza ukurasa ule kwa miaka mingi kama mtu anayetunza hati ya shamba. Wote wawili huenda walikuwa wakweli, na kosa lilikuwa la sentensi moja isiyokamilika.

Nimefanya kazi ya kutunza ghala na baadaye kazi ya hesabu, na mikono yangu imepitisha stakabadhi nyingi kuliko barua. Kila nikikumbuka kasha lile la bati, naona kwamba watu wengi hujua kudai stakabadhi lakini hawajui wanadai kitu gani hasa.

Neno stakabadhi lina asili ya Kiarabu, katika mzizi ule ule uliotupatia kukabidhi na makabidhiano, ambao maana yake ya msingi ni kushika kitu mkononi. Risiti imetufikia kwa njia ya Kiingereza, nayo shina lake ni neno la Kilatini lenye maana ya kupokea. Maneno yote mawili yanamtazama mpokeaji, na hapo ndipo penye siri yote ya karatasi hii. Mlipaji akiandika katika daftari lake kwamba amelipa, ameandika kwa faida yake mwenyewe, na maandishi yake yana uzito mdogo kama ulivyo uzito wa mtu anayejisifu. Mpokeaji akiandika kwamba amepokea, ameandika jambo linalompunguzia haki yake, na ni nadra kwa mtu mwenye akili timamu kukiri kwamba amepata kile ambacho hakukipata. Stakabadhi, basi, ni ushahidi ambao mpokeaji anautoa dhidi ya nafsi yake kabla ugomvi haujazaliwa. Wanazuoni wa fiqhi huliita jambo hili ikrari, na mahakama za kila mfumo wa sheria zinalipa heshima kwa sababu hiyo hiyo.

Hekima hii ni ya kale. Katika sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli aliyetawala katika karne ya 18 kabla ya Kristo, ambazo zimechongwa kwenye jiwe jeusi lililoko leo katika makumbusho ya Louvre mjini Paris, kipengele ambacho wataalamu wamekipa namba 104 kinamtaka wakala aliyepewa bidhaa na mfanyabiashara achukue hati yenye muhuri kwa ajili ya fedha anazomrudishia. Kipengele cha 105 kinaongeza neno zito zaidi: wakala akizembea asichukue hati yenye muhuri, fedha ambayo haina hati hiyo haitaingizwa katika hesabu. Napenda kutua hapa kidogo. Mtunga sheria hakusema kwamba wakala hakulipa. Inawezekana kabisa kwamba alilipa, lakini uzembe wake unamgharimu kama vile hakulipa.

Warumi nao walituachia mfano ninaoupenda zaidi kuliko wote, kwa sababu tunaweza kuusoma kwa macho yetu. Mwaka 1875 wachimbaji wa magofu ya Pompeii, mji uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 baada ya Kristo, walikuta katika nyumba ya Lucius Caecilius Iucundus, mtu aliyeendesha minada na shughuli za kibenki, vibao vya mbao zaidi ya 150 vilivyokuwa vimepakwa nta na kuandikwa kwa kalamu ya chuma. Vingi kati yake ni stakabadhi. Mtu aliyeuziwa mali yake mnadani alikuja kuchukua fedha zake, akaandika au akaandikiwa kwamba amezipokea, na mashahidi wakaweka mihuri yao. Vingi vilikuwa vya kurasa tatu zilizofungwa kwa uzi: maandishi ya ndani yalifungwa chini ya mihuri ili yasiguswe, na nakala ya nje iliachwa wazi ili isomwe. Aliyetilia shaka maandishi ya nje alikuwa na njia moja tu, nayo ni kuvunja mihuri na kulinganisha. Iucundus hakuvitunza vibao vile kwa sababu ya mapenzi ya historia. Alikuwa analinda shingo yake dhidi ya mtu ambaye kesho angesema hajalipwa.

Qur'ani Tukufu, katika aya ya 282 ya Sura Al-Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote, inaagiza deni la muda maalumu liandikwe na lishuhudiwe, na inakataza watu kuchoka kuliandika liwe dogo au kubwa, huku ikiwaondolea lawama wasioandika katika biashara ya papo kwa papo, ya mkono kwa mkono. Lakini kuna jambo moja ndani yake ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: anayetakiwa kumsomea mwandishi maneno ya kuandika ni yule ambaye haki iko juu yake, yaani mdaiwa, na kama hawezi, basi msimamizi wake kwa uadilifu. Mwenye kufungwa na maandishi ndiye anayeyatamka. Nilipolielewa hilo, nilielewa pia kwa nini stakabadhi nyingi zinazochapwa na mlipaji, kisha zikasukumwa mbele ya mpokeaji atie saini tu, huleta ugomvi mwingi kuliko ukurasa wa daftari ulioandikwa na mpokeaji kwa mkono wake.

Sasa nigeukie uzito wa karatasi hii mahakamani, kwa sababu hapa watu hukosea kwa pande mbili zinazopingana.

Wako wanaoamini kwamba bila stakabadhi hakuna malipo. Hammurabi angewaunga mkono, lakini sheria nyingi za leo hazisemi hivyo. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, iliyokuwa kielelezo cha sheria za ushahidi za nchi nyingi zilizowahi kuwa chini ya Uingereza, zikiwemo za Afrika Mashariki, na iliyotumika India hadi mwaka 2024, ilikuwa na kanuni kwamba mkataba ulioandikwa huthibitishwa kwa hati yenyewe na si kwa maneno ya mdomo. Kisha, katika mifano inayofuata chini ya kifungu hicho cha 91, ilisema kwamba A akimpa B stakabadhi ya fedha alizolipwa, na ushahidi wa mdomo ukaletwa kuthibitisha malipo hayo, ushahidi huo unakubalika. Sababu yake ni nyepesi ukiitafakari. Mkataba unaweza kuwa umezaliwa ndani ya karatasi, lakini malipo hayazaliwi ndani ya karatasi. Malipo ni tendo lililofanyika duniani, mkono umetoa na mkono umepokea, na stakabadhi ni shahidi mmoja tu wa tendo hilo. Shahidi huyo akipotea, wengine wanaweza kuitwa: taarifa ya benki, ujumbe wa simu, mtu aliyekuwapo, hata mwenendo wa mwia, yaani mwenye kudai, ambaye kwa miaka mitano hakuuliza. Ufaransa nayo inasema wazi katika kifungu cha 1342-8 cha sheria yake ya madai kwamba malipo huthibitishwa kwa njia yoyote.

Upande wa pili wako wanaoamini kwamba stakabadhi ikishatiwa saini, mlango umefungwa kwa ufunguo. Nao wamekosea. Kwa kawaida stakabadhi ni ushahidi unaotosha mpaka ukanushwe. Hiyo maana yake ni kwamba mwenye stakabadhi akiionyesha anaweza kukaa kimya, na mzigo wa kuthibitisha unamwendea mwenzake, ambaye atapaswa kueleza kwa nini aliandika amepokea ilhali hakupokea. Mzigo huo ni mzito, lakini unabebeka. Mtu anaweza kuthibitisha kwamba alitia saini kwanza akiahidiwa kulipwa jioni, au kwamba alidanganywa, au kwamba tarakimu ziliongezwa baada ya yeye kuondoka.

Tabia ya kusaini kabla ya kupokea ni ya zamani kiasi kwamba Warumi waliitungia dawa. Aliyeandika kwamba amekopeshwa fedha, na kumbe hazijahesabiwa mkononi mwake, aliweza kulalamika kwamba fedha hazikutolewa, na katika sheria za mfalme Justinian za karne ya 6 alipewa miaka miwili kufanya hivyo. Muda huo ukipita, maandishi yake yalimfunga. Leo nchi nyingi hazina kinga ya namna hiyo, na aliyesaini mapema anabaki na kazi ngumu ya kuwashawishi mahakimu kwamba alikuwa mwepesi wa kuamini. Nimewaona vibarua wakipanga foleni, kila mmoja akiweka dole gumba kwenye orodha ya malipo kabla bahasha hazijafika, na moyo wangu huuma kila mara, kwa maana wale wasiojua kusoma ndio wanaoombwa kwanza watoe ushahidi dhidi ya nafsi zao.

Kuna pia maneno yanayoongezwa kwenye stakabadhi ili yafanye kazi kubwa kuliko kupokea: "malipo ya mwisho", "sina dai jingine", "hesabu imekamilika". Hapo karatasi imebeba mambo mawili, yaani kukiri kupokea na kuachilia haki iliyobaki, na mahakama huyapima mambo hayo kwa mizani tofauti. Uingereza ina kanuni ya tangu mwaka 1602, iliyothibitishwa na Bunge la Malodi mwaka 1884 lilipokuwa mahakama ya juu ya rufaa, kwamba kulipa sehemu ya deni hakufuti deni lote hata kama mwia amekubali, isipokuwa kama amepewa kitu kingine chenye thamani badala ya haki aliyoiacha. Mwaka 1965 Mahakama ya Rufaa ya huko ilisikiliza shauri la kampuni ndogo ya wajenzi iliyokuwa inadai pauni 482 na ushei. Wajenzi walikuwa wamebanwa na ukata hata kazi yao ilikaribia kuanguka, na upande wa mdaiwa ulilijua hilo. Waliambiwa wachukue pauni 300 au wasipate chochote, na katika risiti wakatakiwa waandike kwamba fedha hizo ni za kukamilisha hesabu. Wakaandika. Baadaye walipodai salio, mahakama, Lord Denning akiwa miongoni mwa majaji, ilisema kwamba hapakuwa na mapatano ya kweli kwa sababu walisukumwa ukutani, na salio lao likabaki halali. Shauri hilo nalikumbuka kila ninapomwona mtu anayedaiwa akijivunia karatasi aliyoipata kwa kumbana mwenzake. Saini ya mtu aliyekabwa ina wino sawa na saini nyingine, lakini haina nguvu sawa.

Upande wa bidhaa nilijifunza kwa gharama. Nilikuwa mgeni katika kazi ya ghala, gari likafika jioni na makasha 12 yaliyofungwa kwa utepe, dereva akiwa na haraka, mvua ikianza kudondoka juu ya karatasi. Hati ya kukabidhi mzigo ilikuwa na nakala tatu, ya juu nyeupe, ya kati ya waridi, ya chini ya manjano, na maneno yalikwisha kuchapwa: "Bidhaa zimepokelewa kamili na katika hali nzuri." Nilihesabu makasha, yakawa 12, nikatia saini kwa nguvu ili kaboni ifike chini. Asubuhi nilipofungua, makasha mawili yalikuwa na nusu ya kilichopaswa kuwamo, na moja lilikuwa limelowa tangu zamani, kwani ukungu ulikuwa umeota ndani. Muuzaji hakugombana nami. Alitoa nakala yake ya manjano, akaweka kidole juu ya neno "kamili", akaniuliza kama saini ile si yangu.

Ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeshuhudia jambo ambalo sikuliona. Nililoliona ni makasha 12 yaliyofungwa, na hilo tu ndilo nililopaswa kuliandika: "Makasha 12 yamepokelewa yakiwa yamefungwa, yaliyomo hayajakaguliwa." Maneno yale machache yangehamisha mzigo wote kutoka mabegani mwangu. Tangu siku hiyo huyaandika kwa mkono juu ya saini yangu, katika nakala zote, hata dereva akinuna.

Sheria za usafirishaji zimelijua jambo hili kwa muda mrefu. Hati ya shehena, ile anayoitoa mwenye meli, kwanza kabisa ni stakabadhi ya mzigo kabla haijawa kitu kingine. Kanuni za Hague za mwaka 1924, ambazo ni za kimataifa kwa mizigo ya baharini, zinaifanya kuwa ushahidi wa awali kwamba mwenye meli amepokea mzigo kama ulivyoelezwa ndani yake. Marekebisho ya Visby ya mwaka 1968 yalikwenda mbali zaidi: hati ikishahamishiwa mtu wa tatu aliyeipokea kwa nia njema, mwenye meli haruhusiwi tena kuleta ushahidi wa kuipinga, maana mtu huyo amelipa fedha zake akiyategemea maandishi. Karatasi hiyo hiyo ni ushahidi unaopingika kati ya wawili walioonana, na ni ukuta mbele ya mgeni aliyeiamini. Ndiyo maana manahodha huandika maneno ya tahadhari pale wasipoweza kuhesabu, na ndiyo maana benki zinazolipia biashara za nje hudai hati safi isiyo na dosari yoyote iliyotajwa juu ya mzigo.

Kuna swali jingine kuhusu nani aliyesaini. Mwaka 1851 mahakama ya Uingereza iliamua kwamba nahodha aliyetia saini hati ya shehena kwa mzigo ambao haukupakiwa kamwe hakumfunga mwenye meli, kwa kuwa hakuwa na mamlaka ya kukiri kupokea kisichokuwapo. Walioinunua hati ile kwa uaminifu wakabaki mikono mitupu. Ilichukua hadi sheria ya mwaka 1992 kuirekebisha hali hiyo kwa faida ya mtu anayeshika hati kihalali. Kwa maisha ya kawaida funzo lake ni la moja kwa moja: saini ya kijana aliyekutwa mlangoni si lazima iwe saini ya kampuni, na aliyepeleka mzigo afanye juhudi ya kupata jina, cheo na muhuri.

Aliyepokea mzigo bila kutoa dukuduku lolote hupewa nafasi ndogo ya kujirudi. Kanuni za Hague humpa siku 3 kutoa taarifa ya hasara isiyoonekana kwa nje, na asipofanya hivyo hesabu inaanza kwa kudhani kwamba alipokea kila kitu salama, ingawa bado anaweza kuthibitisha vinginevyo. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaohusu safari za ndege za kimataifa, ni mkali zaidi: begi lililoharibika hulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7 na mzigo wa biashara ndani ya siku 14, na ukichelewa hakuna shauri, isipokuwa msafirishaji awe amefanya hila. Abiria wengi hukokota mabegi yao yaliyopasuka mpaka nyumbani, wakafungua, wakasikitika, wakanyamaza, bila kujua kwamba ukimya wao ni aina ya stakabadhi.

Je, mtu ana haki ya kudai stakabadhi, au anaiomba kama hisani? Jibu lililo wazi kuliko yote nimelikuta katika Sheria ya Madai ya Ujerumani, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1900. Kifungu cha 368 kinamlazimisha mwia aliyetimiziwa haki yake kutoa stakabadhi ya maandishi akitakiwa, na cha 369 kinaweka gharama zake kwa mdaiwa. Cha 371 kinataka hati ya deni, kama ilikuwapo, irudishwe. Na mwia akidai kwamba hawezi kuirudisha, mdaiwa anaweza kutaka tamko lililothibitishwa rasmi kwamba deni limekwisha. Nakisisitiza hiki cha mwisho kwa sababu familia nyingi zimelia juu yake. Mtu analipa deni, anapewa risiti, anasahau kudai ile karatasi ya awali ya kukopa, na miaka kumi baadaye karatasi hiyo inafufuka mikononi mwa mrithi asiyejua lolote. Kifungu cha 370 nacho kina onyo: anayeleta stakabadhi ya mwia huhesabiwa kuwa na idhini ya kupokea malipo, isipokuwa mlipaji awe anajua jambo linalokanusha idhini hiyo. Kwa hiyo kuacha risiti zilizosainiwa tayari ndani ya droo ni sawa na kuacha fedha.

Juu ya namna ya kuandika sina mengi, kwani ukurasa wa baba umekwisha kuyasema yote kwa kukosa kwake. Iandikwe nani amepokea na kutoka kwa nani, majina kamili na si "ndugu yangu". Kiasi gani, kwa tarakimu na kwa maneno. Kwa ajili ya nini, deni lipi la tarehe ipi. Ni sehemu au ni yote, na kama ni sehemu, kimebaki nini. Siku gani, mahali gani. Juu ya tarakimu na maneno, Ufaransa ina kanuni inayofaa kukumbukwa. Kifungu cha 1376 kinachohusu ahadi ya upande mmoja ya kulipa fedha kinataka aliyeahidi aandike kiasi kwa maneno na kwa tarakimu, na vikitofautiana, kiasi kilichoandikwa kwa maneno ndicho kinachokubaliwa. Sifuri moja huongezwa kwa sekunde moja na kalamu inayofanana, lakini neno "elfu" haligeuki kuwa "laki" bila kuacha kovu kwenye karatasi.

Liko eneo moja ambalo maandishi ya kukiri yana nguvu ambayo wengi hawaitarajii, nalo ni ukomo wa muda wa kudai. Nchini Uingereza madai ya mkataba wa kawaida hufa baada ya miaka 6, lakini chini ya sheria ya mwaka 1980 mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yenye saini yake, au akilipa sehemu yake, saa inaanza kuhesabu upya, mradi muda haujakwisha. Nchini India muda wa madai mengi ya mikataba ni miaka 3, na sheria ya mwaka 1963 inasema kukiri kunaweza kutosha hata kama kumeambatana na kukataa kulipa. Barua ya hasira inayosema "najua unanidai lakini hupati kitu" inaweza, basi, kulipatia deni uhai mpya. Mwia mwenye busara haombi fedha tu mdaiwa anapolalamikia ugumu wa maisha. Anaomba pia mstari mmoja wenye saini na tarehe.

Barua na nyaraka zina stakabadhi zao, na hapa muhuri wa "Imepokelewa" huogopwa bila sababu. Kupokea barua si kukubali yaliyomo. Nimeshuhudia karani akikataa kabisa kugonga muhuri kwenye nakala ya malalamiko, akidhani kwamba akigonga ofisi yake itakuwa imekiri makosa, wakati muhuri ule ungesema tu kwamba karatasi fulani ilifika siku fulani. Tume ya Umoja wa Mataifa ya Sheria ya Biashara ya Kimataifa ilipotunga sheria yake ya mfano kuhusu biashara ya kielektroniki mwaka 1996, ililiweka jambo hili vizuri katika kifungu cha 14: uthibitisho wa kupokea ukimfikia mtumaji, hudhaniwa kwamba ujumbe wake ulifika, lakini haidhaniwi kwamba ujumbe uliofika ni sawa sawa na ule uliotumwa. Ule ujumbe mfupi wa simu unaosema fedha zimetumwa, nao, una mpaka wake. Unathibitisha kwamba fedha zimetoka akaunti hii na kuingia ile, saa fulani, lakini haujui kwamba ilikuwa kodi ya miezi miwili wala kwamba ilikuwa mkopo na si zawadi. Mimi humtumia aliyepokea ujumbe wa pili mara moja: "Nimekutumia malipo ya jambo hili, thibitisha." Jibu lake, likiwa na maneno mawili tu, hukamilisha kilichopungua.

Na karatasi zenyewe hufa. Risiti nyingi za mashine huchapwa kwa joto, si kwa wino, na joto lile lile, pamoja na mwanga na kugusana na mifuko ya plastiki, huzifuta. Nimefungua majalada ya miaka mitatu nikakuta vipande vyeupe vilivyobanwa kwa uangalifu mkubwa, safi kama siku vilipotoka kiwandani. Zitoe nakala wiki ile ile, na andika pembeni ya nakala kwamba asili yake imeambatishwa.

Yule mzee tulimalizana naye. Baada ya mazungumzo ya siku mbili, mbele ya watu wawili waliowajua yeye na baba, tulikubaliana kulipa nusu ya alichodai, kwani hakuna upande ulioweza kuuthibitisha ukweli wake wote. Siku ya kulipa nilikuwa nimeandaa stakabadhi nzuri, iliyochapwa, yenye lugha niliyoiokota kazini. Mama aliisoma polepole, akaikunja, akaiweka chini ya mkeka. "Shemeji," alimwambia mzee, "sema wewe mwenyewe, huyu ataandika."

Mzee alisema, nami nikaandika. Alitaja jina lake na la baba kwa ukamilifu, akataja kiasi, akanitaka nikiandike kwa maneno, akataja mwaka aliokopesha. Alipofika kwenye malipo ya mwisho alinyamaza kwa muda mrefu, macho yake yakiwa kwenye kalamu yangu, kisha akaendelea bila kuombwa na mtu: "Na sina dai jingine lolote kwa marehemu wala kwa warithi wake, la kwanza wala la pili." Nikaiandika sentensi hiyo kama alivyoitamka, mara mbili, katika karatasi mbili, akatia saini zote, mashahidi wakafuata, na mama akaipokea yetu akaiweka ndani ya kasha la bati, juu ya ule ukurasa wa zamani.